Mwenye redio ndiye aliyesikika: vitabu vya vita ya majini kusini mwa Afrika

Kitabu cha Evert Kleynhans, Hitler's Spies (2021), kina jina la vile vitabu vinavyouzwa kwenye maduka ya uwanja wa ndege, kati ya chokoleti na mito ya shingo. Ndani hakiko hivyo. Mwandishi ni mwanahistoria wa vita wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni kazi ya ukarani: nani alituma ujumbe gani, kutoka wapi, kwa njia ipi, na ulipofika Berlin ulimsaidia nani. Ukikisoma kwa haraka utachoka. Ukikisoma taratibu utagundua kwamba anaizika hadithi moja iliyoishi Afrika Kusini kwa miaka mingi sana. Kwa hilo nakipenda, ingawa nina ugomvi nacho.

Hadithi yenyewe inaanzia Juni 1940. Italia ilipoingia vitani, njia ya Bahari ya Mediterania ikawa haipitiki kwa meli za kawaida za Waingereza. Askari, vifaru, ndege zilizofungwa makasha, mafuta, chakula, vyote vilivyokuwa vinaelekea Misri, India na Mashariki ya Mbali ikabidi vizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Cape Town na Durban, bandari zilizokuwa na shughuli zao za wastani, zikafurika. Meli zilipanga foleni nje kama daladala zinazosubiri kuingia stendi. Sasa Oktoba 1942 nyambizi za Ujerumani zikatokea. Kundi lililoitwa Eisbär lilikuwa limetoka Lorient, Ufaransa, mwezi Agosti, likavuka Atlantiki nzima, na usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Oktoba likaanza kuzamisha meli karibu na Cape Town. U-68 peke yake ilizamisha nne ndani ya saa chache. Siku mbili baadaye meli kubwa ya askari, Orcades, nayo ikaenda chini.

Watu wakauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Wamejuaje? Nani amewaambia?

Jibu lilikuwa tayari mtaani. Afrika Kusini iliingia vitani ikiwa imegawanyika. Kura ya bungeni ya Septemba 1939 ilikuwa 80 kwa 67. Wapo Makaburu wengi waliokuwa hawataki kabisa kupigana upande wa Mwingereza, na chama cha Ossewabrandwag, chini ya Hans van Rensburg, kilikuwa na uhusiano wa siri na Wajerumani. Kulikuwa na ubalozi mdogo wa Ujerumani Lourenço Marques, Maputo ya leo, kwenye ardhi ya Mreno asiyeshiriki vita, hatua chache kutoka mpaka wa Afrika Kusini. Kulikuwa na mitambo ya redio iliyofichwa. Ukiviweka hivi vitatu pamoja, hadithi inajiandika yenyewe: Kaburu anakaa dirishani Durban na darubini, anahesabu meli, anapiga simu ya upepo, nyambizi inaipokea, watu wanakufa.

Kleynhans anavichukua vipande hivi kimoja kimoja na kuvipima. Ni kweli mtandao ulikuwepo. Ni kweli wajumbe walivuka mpaka, na baadaye mawasiliano ya moja kwa moja na Berlin yakapatikana. Alikuwepo Lothar Sittig, jasusi aliyefanya kazi kwa jina la Felix akiwa pamoja na watu wa Ossewabrandwag. Lakini njia ya habari ilikuwa ndefu na mbovu. Habari ya meli ni kama samaki. Meli iliyoonekana Durban Jumatatu, ikiwa habari yake inafika Berlin baada ya siku nyingi, halafu Berlin ianze kuipeleka kwa nyambizi iliyo upande mwingine wa dunia, meli hiyo ilishafika ilikokuwa inakwenda na nahodha ameshalala. Hitimisho lake ni kwamba thamani ya habari zile kwa nyambizi zilizokuwa baharini ilikuwa ndogo mno. Kuna sababu nyingine zilizo kavu zaidi, na ninazikubali: njia ya meli kuizunguka Rasi ilijulikana na kila mwenye ramani, meli za kuzilinda zilikuwa chache, na kuanzia Februari hadi Desemba 1942 wavunja msimbo wa Bletchley Park walikuwa viziwi, hawawezi kuusoma msimbo mpya wa nyambizi za Atlantiki. Eisbär ilifika katika miezi hiyo hiyo.

Hii ndiyo sehemu bora ya kitabu na ningemshauri kila mwandishi wa habari aisome. Kumwondolea msaliti uwezo wake bila kumwondolea usaliti wake ni kazi ngumu. Wengi wetu tungeteleza. Tungesema basi, kama habari hazikusaidia kitu, hawa jamaa walikuwa wazushi tu wa baa. Kleynhans hakubali. Nia ilikuwepo, vitendo vilikuwepo, na sehemu ya mwisho ya kitabu inaonyesha jinsi baada ya vita serikali ilivyotuma watu mpaka Ujerumani kukusanya ushahidi dhidi ya van Rensburg na wenzake, wakaupata, halafu uchaguzi wa 1948 ukaja, chama cha National kikashinda, na majalada yakawekwa pembeni. Robey Leibbrandt, bondia aliyeletwa na Wajerumani kwa boti ya tanga mwaka 1941 kuja kufanya hujuma, ambaye hukumu yake ya kifo Smuts aliibadilisha kuwa kifungo, aliachiwa mwaka huo huo wa 1948. Van Rensburg yeye akakaa chini, akaandika kumbukumbu zake, zikatoka 1956.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Maana ukijumlisha kila kitu, mpaka leo watu tunaowasikia vizuri zaidi katika vita ile ni wale waliokuwa na mtambo wa kutumia.

Sisi wa vyumba vya habari tunalijua jambo hili kwa kulifanya. Anayepiga simu ndiye anayeingia gazetini. Asiyekuwa na namba yako, hata kama nyumba yake ndiyo iliyoungua, anaandikwa "wakazi wengine wawili". Vita ya majini ni mbaya zaidi, kwa sababu bahari haihifadhi kitu. Nchi kavu vita inaacha handaki, kaburi, kijiji kilichoungua, bibi anayekumbuka. Baharini meli inazama na maji yanajifunga. Kinachobaki ni karatasi: daftari la nahodha, nakala ya ujumbe, shajara ya kila siku ya nyambizi. Kwa hiyo mwanahistoria wa bahari anaandika historia ya waliowasiliana. Hana ujanja. Lakini anaweza kutuambia kwamba hivyo ndivyo ilivyo, na wengi hawasemi.

Chukua filamu ya The Battle of the River Plate ya Michael Powell na Emeric Pressburger, 1956, ambayo bado inapendwa, na mimi pia naipenda, hasa kwa rangi zake. Watu wanaikumbuka kama filamu ya Montevideo. Mwanzo wake ni Msumbiji. Novemba 1939 manowari ya Kijerumani Admiral Graf Spee inaikamata Africa Shell, meli ndogo ya mafuta ya tani mia saba na kidogo iliyokuwa ikifanya safari zake pwani kwa pwani. Nahodha Patrick Dove, anayechezwa na Bernard Lee, anapandishwa kwenye manowari akiwa mateka, na anabishana na nahodha Langsdorff kwamba walikuwa ndani ya maji ya Mreno. Ni mazungumzo matamu, ya waungwana wawili. Mabaharia wengine waliachwa wapige makasia hadi pwani. Filamu inabaki na nahodha. Dove alipotoka kifungoni aliandika kitabu, na filamu ikapata mhusika. Wale wa kwenye mashua hawakuandika, basi. Walifika ufukweni wakiwa na habari ambayo jeshi zima la maji la Uingereza lilikuwa linaitafuta, kwamba Graf Spee sasa iko Bahari ya Hindi, na hakuna aliyewahi kutengeneza onyesho la mtu mwenye kaptula iliyolowa akijaribu kumweleza afisa wa Kireno alichokiona.

Wiki mbili na nusu baadaye, upande wa pili wa bara, Doric Star ilikamatwa magharibi ya pwani ya Namibia ya leo. Opereta wake aliwahi kutuma RRR, alama ya meli inayoshambuliwa na manowari, pamoja na mahali walipo. Kesho yake Tairoa nayo ikatuma. Komodoo Harwood, akiwa mbali kabisa Amerika Kusini, alichukua ile namba ya mahali, akapiga hesabu ya mwendo, akasema jamaa atafika mdomo wa mto Plate kama tarehe 13 Desemba. Akafika. Sijui riwaya ya upelelezi yenye fumbuzi safi kuliko hili. Dakika chache za kidole kwenye kitufe, na manowari yenye mizinga ya inchi 11 ikaishia kuzamishwa na nahodha wake mwenyewe. Nasema hivi ili nisieleweke vibaya: siwadharau wenye redio. Yule opereta alijua kwamba akiendelea kugonga huenda akapigwa risasi.

Historia rasmi ya vita hii, War in the Southern Oceans ya Turner, Gordon-Cumming na Betzler, ilitoka 1961, mwaka ambao kitengo cha serikali kilichokuwa kinaandika historia za vita kilifungwa. Ni kitabu cha watu waliopewa majalada ya pande zote mbili, pamoja na shajara za Wajerumani zilizotekwa, na kinajua mambo mengi kuliko sote. Ukitaka kujua mabomu ambayo meli ya Atlantis iliyatega nje ya Rasi Agulhas Mei 1940 yalikuwa mangapi, humo yamo: 92. Kiswahili kina neno zuri kwa sauti ya kitabu kama hiki, nalo ni ukavu. Meli ina jina, tani, shehena, mahali, saa. Halafu meli inayofuata. Baada ya kurasa mia mbili nilianza kusoma tani kama vile ni watu, kwa sababu watu hawakuwepo.

Kwa haki, zipo kurasa za vita hii ambazo ukavu unazifaa. Suala la rada, kwa mfano. Basil Schonland na wenzake pale Chuo Kikuu cha Witwatersrand walitengeneza mtambo wao wenyewe kwa vifaa vya kuokoteza na kupata mwangwi wa kwanza Desemba 16, 1939, miezi mitatu tu baada ya vita kuanza, na baadaye vituo vikapangwa kwenye vilima vya pwani, vingi vikiendeshwa na wasichana waliojitolea, wakikesha wakitazama mstari wa mwanga. Hapo huhitaji mbwembwe. Au kisa cha U-197. Agosti 1943 nyambizi tatu za Kijerumani kusini mwa Madagaska zilikuwa zinapanga kukutana ili kupeana msimbo mpya, kwa kuwa ule wa zamani haukuaminika tena. Ili kupanga kukutana ikabidi waongee. Kuongea kwao kukapimwa mwelekeo kutoka nchi kavu. Tarehe 20 ndege mbili za Catalina zikaipata U-197 na kuizamisha na watu wote 67. Moja ya ndege hizo ilikuwa ya kikosi namba 259, kilichoundwa mwaka huo huo Kipevu, Mombasa. Walikufa kwa kutafuta usiri. Kisa kama hicho ukikipamba unakiharibu.

Lakini njoo kwenye Nova Scotia, na uniambie ukavu unatosha.

Tarehe 28 Novemba 1942 meli hii ilikuwa inakaribia Durban ikitokea Massawa, Eritrea, kupitia Aden. Ndani yake walikuwemo zaidi ya watu 1,000. Wengi wao walikuwa Waitalia waliokamatwa baada ya himaya ya Mussolini Afrika Mashariki kuanguka, wanapelekwa kufungiwa Afrika Kusini. U-177 ya Robert Gysae iliiona nje ya pwani ya Natal, ikaipiga topedo tatu. Meli ilizama ndani ya dakika chache. Gysae aliposogea akasikia watu majini wanapiga kelele kwa Kiitaliano. Washirika wake. Akawapandisha wawili, akawahoji, akajua alichokifanya. Akatuma ujumbe makao makuu.

Hapa ndipo simu ya upepo inakuwa mhusika mkuu. Miezi miwili na nusu nyuma, Laconia, meli iliyokuwa imepitia Mombasa, Durban na Cape Town ikiwa na mateka wa Kiitaliano karibu 1,800, ilizamishwa Atlantiki na U-156, nyambizi mojawapo ya kundi lile lile la Eisbär. Nahodha Hartenstein alianza kuokoa watu na kutangaza hewani kwa Kiingereza cha wazi, bila msimbo, kwamba meli yoyote ije isaidie, hataishambulia mradi naye asishambuliwe. Ndege ya Marekani ikaja ikampiga mabomu huku amefunga mashua za manusura nyuma yake. Admirali Dönitz akatoa amri: marufuku kuokoa mtu. Kwa hiyo Gysae alipouliza, jibu alilopata lilikuwa lile lile. Endelea na kazi. Akaondoka.

Ila Berlin ilifanya jambo moja zaidi, iliwaomba Wareno. Kutoka Lourenço Marques ikatoka meli ya kivita Afonso de Albuquerque. Ilipofika, ilikuta watu wameshikilia mbao, wengine wameshaliwa na papa. Ikaokoa chini ya 200. Waliokufa ni 858. Miili mingi iliendelea kuja ufukweni Durban, na 120 ilizikwa katika kaburi moja.

Ujumbe ule ule wa redio uliwaacha na ukawaokoa. Nimelisoma tukio hili katika maandishi kadhaa, na kila mara nakutana na muundo mmoja: Gysae anauliza, Dönitz anajibu, Mreno anakuja. Wanaume watatu na mitambo yao. Waitalia mia saba na zaidi ni kile kinachozungumziwa. Askari wa Kiingereza na wa Afrika Kusini waliokuwa wanarudi nyumbani, wakiwa siku moja tu kutoka bandarini, ni namba. Mabaharia wa meli yenyewe ndio hata namba yao inatafutwa.

Na sasa mtu wa mwisho wa kumtazama, Malcolm Muggeridge, kwa sababu yeye alikuwa mwandishi hasa na hana kisingizio cha ukavu. Mwaka 1942 na 1943 alikuwa Lourenço Marques, kwa cheo cha ubalozini lakini kazi yake ikiwa ujasusi wa Waingereza. Kiasi cha kumbukumbu zake kiitwacho The Infernal Grove (1973) kina sura ya mji huo ambayo ni raha tupu kuisoma. Majasusi wa nchi zote wanakula hoteli moja, Polana, wanasalimiana kwa vichwa. Anawachekesha Werz wa Ujerumani na Campini wa Italia, ambao telegramu zao alikuwa anazisoma, zikiwa zimefumbuliwa huko Bletchley, kabla hazijawafaa wenyewe. Amejaa dharau kwa kazi yake. Na ana akili ya kujua kwamba dharau hiyo inapendeza.

Katikati ya mchezo huo anasimulia usiku aliotaka kujitoa uhai kwa kuogelea kuelekea bahari kuu, kisha akaona taa za ufukweni, akageuka, akarudi. Ni kurasa nzuri, za dhati, na si za kufanyia mzaha. Nilipozisoma mara ya kwanza zilinikaa. Nilipozisoma tena, nikiwa nimeshajua habari za Nova Scotia, kitu kingine kilinikaa: manusura waliochukuliwa na Afonso de Albuquerque walishushwa katika mji huo huo. Mtu mmoja aliyeingia majini kwa hiari na kutoka ana kurasa zinazosomwa hadi leo na kunukuliwa na wahubiri. Watu 858 walioingia bila hiari, kwenye maji ya pwani hiyo hiyo kidogo kusini, wanasubiri mwandishi. Simlaumu Muggeridge kwa kuandika ya kwake. Mtu huandika maisha yake. Ninawalaumu wasomaji, na mimi nimo, kwa kuuchukua mji ule kutoka kwake kama vile hapakuwa na mwingine.

Nirudi kwa Kleynhans, maana nimesema nina ugomvi. Kitabu chake kimejaa watu wanaohangaika kupata habari za meli. Mashushushu wanahangaika, wapelelezi wanaowafukuza wanahangaika, serikali inabandika mabango kuwaonya raia wasizungumzie meli. Kila mtu anataka kujua ni meli gani imefika, imebeba nini, inaondoka lini. Na wakati wote huo, pale gatini Durban, wapo watu waliojua. Vibarua wa bandari, wengi wao Wazulu, ndio waliopakia na kupakua. Waliona kreti, waliona vifaru, walijua kwa uzito wa mgongo. Watu hao hao waligoma wakati wa vita zaidi ya mara moja kwa ajili ya mishahara, wakiongozwa na Zulu Phungula, na mwaka 1942, mwaka wa Eisbär na Nova Scotia, serikali ikamfukuza Phungula mjini.

Hebu fikiria. Bandari ile ilikuwa moyo wa njia nzima ya vita. Kibarua akiweka mzigo chini, msafara haundoki. Kama unaandika historia ya habari na siri katika bandari hiyo, huyu ni mhusika wako wa kwanza: anajua kila kitu, analipwa vibaya, ana sababu zote za kuichukia serikali. Kwa nini hakuna aliyemnunua? Je, Wajerumani na marafiki zao wa Ossewabrandwag, kwa imani yao ya rangi, hawakuweza hata kuwaza kwamba mtu mweusi anaweza kuwa na habari? Mimi nadhani ndivyo. Na kama ndivyo, basi ubaguzi wao uliwanyima jasusi bora waliyekuwa naye, tena bure. Hii ni hoja inayoukamilisha uchambuzi wa Kleynhans, ya kwa nini mtandao ule haukuwa na maana, na imelala pale pale mlangoni kwake. Hao si wahusika wake. Jalada la idara ya usalama halikuwahoji, na yeye analifuata jalada.

Wapo waliosikika bila redio. Perla Gibson, mwimbaji wa Durban, kuanzia 1940 alikuwa anasimama gatini amevaa nguo nyeupe, na kipaza sauti cha mkono, anaimbia kila meli ya askari inayoingia na kutoka. Wanajeshi walimkumbuka maisha yao yote, na mji umemwekea sanamu. Anastahili. Kila ninapoona picha yake, jicho langu linakwenda nyuma yake, kwa watu wenye kamba mabegani.

Msomaji wa huku kwetu asidhani hii ni habari ya mbali. Mwaka huo huo wa 1942 makao ya jeshi la maji la Uingereza la Mashariki yalikuwa Kilindini, na wavunja msimbo waliokimbia Colombo walikuwa wanafanya kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram, Mombasa. Msimbo wa meli za mizigo za Wajapani, JN-40, ulivunjwa humo. Askari wa KAR walipelekwa Madagaska kwa meli hizo hizo. Februari 1944 msafara ulitoka Kilindini kwenda Colombo, na Khedive Ismail ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki ambao lugha yao ya kambini ilikuwa hii ninayoiandika. Wavunja msimbo wa Allidina Visram wameshaandikwa, kwa majina na kwa mzaha wao. Askari wale wa mizinga wamo kwenye ukuta wa majina.

Kwa hiyo nisome nini, utauliza. Anza na Kleynhans, hata hivyo. Soma sura za majasusi haraka, wanafanana, na utachanganya nani ni nani mpaka utazoea. Ukifika kwenye msako wa ushahidi baada ya vita, punguza mwendo. Kisha tafuta utafiti juu ya wafanyakazi wa bandari ya Durban na uviweke vitabu hivyo viwili mezani vikiwa wazi, ukurasa wa 1942 kwa ukurasa wa 1942. Filamu ya Powell na Pressburger ipo, iangalie jioni na watoto. Wanapofika kwenye Africa Shell, wasimamishe kidogo wakuambie mashua ile imebeba watu wangapi.